Unasali Wapi?

Katika jiji la Dar es Salaam mtu anaweza kuwa jirani yako miaka na miaka bila kujua jina lako la ukoo, kazi unayofanya, wala kwenu ni wapi. Lakini siku unapohamia, godoro bado liko kwenye kirikuu, atakuwa ameshakuuliza: "Unasali wapi?"

Swali hilo lina majibu mengi yanayokubalika. Ukisema kwa Walutheri, sawa. Ukisema Roma, sawa. Ukisema wewe ni Msabato, ataweka akilini asikualike shughuli ya Jumamosi. Ukisema msikiti ule wa kona, atakusifia kwamba pale maji hayakatiki. Ukimtajia nabii mwenye hema na maspika makubwa, atakuomba namba ya simu. Hata ukisema, "Nasali nyumbani, Mungu ananijua," utasamehewa, kwa sababu hilo ni jibu la wavivu, na wavivu ni wengi. Jibu moja tu halimo kwenye orodha, na ndilo langu: sisali.

Mwenye nyumba wangu, mama mtu mzima wa Kimara, nilipomjibu hivyo alinitazama kwa huruma.

"Sijakuuliza kama leo umesali, baba. Nimekuuliza unasali wapi."

"Sisali popote, mama."

"Ndiyo, umehamia juzi. Ukishazoea mitaa, kanisa letu ni hapo juu, ukivuka mtaro."

Ndivyo ilivyo. Asiyeamini haaminiki. Ukisema umeokoka, watu watapiga makofi hapohapo bila kudai ushahidi. Ukisema huamini, utaambiwa unatania, una njaa, umechoka, au hujapata kanisa la karibu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nchi yenyewe haina ugomvi nami. Katiba ya 1977, Ibara ya 3, inasema hii ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inanipa uhuru wa mawazo na imani, na ruhusa ya kubadilisha nikitaka. Swali la dini halijaulizwa kwenye sensa tangu ile ya 1967. Mwaka 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120, na karani aliyenihesabu alitaka kujua paa langu ni la nini, choo ni cha namna gani na nyumbani mna umeme au hamna, asiulize hata kwa mbali ninamwabudu nani. Nilitaka kumkumbatia.

Lakini nchi isiyokuwa na dini ina watumishi wenye fomu. Nenda hospitali na homa yako: jina, umri, dini. Nenda kituoni kuripoti simu iliyoibwa: jina, umri, kabila, dini. Sijui mwizi wa simu ya Tecno atapatikana vipi kwa kutafuta dini ya aliyeibiwa.

"Dini?" aliniuliza mwandikaji mmoja, kalamu ikisubiri.

"Sina."

"Hamna kitu kama hicho hapa." Akarudi kwenye jina. "Elibariki? Huyu Mkristo huyu." Akaandika, akapiga mstari chini, akaniuliza rangi ya simu.

Sina la kumlaumu. Kwetu mlimani ukiitwa Elibariki huhitaji cheti cha ubatizo. Nimezaliwa migombani, upande wa Marangu, mahali ambapo Ulutheri ni mkongwe kuliko lami. Wamisionari wa Leipzig walipanda Kilimanjaro mwaka 1893, na haikuchukua muda kahawa nayo ikashika mizizi kwenye vihamba. Tangu hapo ukoo wetu umekuwa na nguzo mbili, Jumapili na kahawa, na zote mbili baba alizisimamia mwenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na suti moja ya kijivu, na daftari la kuandika nani ametoa ahadi na nani ametoa visingizio.

Nyumbani tulisali kila usiku baada ya kula. Sala ya baba ilikuwa na ratiba isiyobadilika: wagonjwa kwanza, kisha wasafiri, wajane, viongozi wa nchi, ndugu tuliokosana nao (hao aliwataja kwa majina, ili Mungu asichanganye), na mwisho kabisa bei ya kahawa. Hapo ndipo alipokuwa anachukua muda. Mboga zilipoa, mdogo wangu alilala huku amepiga magoti, baba bado yuko kwenye kahawa.

Mwaka 1989 bei ikaanguka. Baba akaongeza sala. Ikaanguka tena, akaongeza kufunga kila Ijumaa, na sisi tukafungishwa pamoja naye ingawa hakuna aliyetuomba ushauri. Bei haikusikia. Majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Baba alikataa kung'oa wake, akasema Mungu si Athumani.

Nilipofika chuo nikakutana na jambo hilo kwenye kitabu cha uchumi, kurasa mbili tu. Kumbe kulikuwa na makubaliano ya kimataifa ya kahawa, yanasimamiwa kutoka London, na kila nchi ilikuwa na mgao wake wa kuuza nje ili bei isiporomoke. Julai 1989 mgao ule ukavunjika, kila nchi ikamwaga kahawa sokoni, na bei ikaenda na maji. Nilicheka peke yangu maktaba, halafu nikaacha kucheka. Miaka yote ile baba alikuwa anapeleka maombi ofisi isiyohusika. Faili la kahawa halikuwahi kufika huko juu. Lilikuwa London, mezani kwa watu wenye tai ambao hawajawahi kusikia habari za mzee wa kanisa wa Marangu.

Hapo nikaanza kuyafuatilia na mafaili mengine. Malaria ya mdogo wangu, tuliyoikemea kwa jina la Bwana usiku kucha, faili lake lilikuwa kwa mbu. Mvua za vuli ziko kwa bahari ya Hindi na joto lake. Kufeli kwangu hisabati kulikuwa kwa mwalimu aliyehama katikati ya muhula bila kuletwa mwingine. Nilipomaliza kuyahamisha yote, ile ofisi ya juu ikabaki haina kazi. Sikuifunga mimi. Ilikosa faili tu.

Na kusema kweli, mafunzo ya kuuliza nilipewa na kanisa lenyewe. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, ina tabia moja nzuri: kila baada ya amri inakuuliza maana yake, na jibu liko hapohapo chini. Sisi watoto wa ubarikio tulikariri mpaka tukaota usiku. Mwinjilisti alisimama mbele na fimbo, anauliza, tunajibu, anatikisa kichwa. Shida yangu ni kwamba maswali ya kitabu yalipokwisha, yangu yakaendelea. Nilimuuliza Kaini alipofukuzwa akaogopa kwamba atakayemkuta atamuua, alikuwa anamwogopa nani, ilhali duniani wamebaki yeye na wazazi wake.

"Elibariki," alisema, "maswali yameandikwa kitabuni. Lako halimo."

Nilifaulu, nikabarikiwa, nikavaa suti iliyonizidi mabega, ikachinjwa ndafu, zikaja kreti za soda. Mpaka leo sijaona elimu nyingine yenye mahafali mazuri kama yale.

Basi hiyo ndiyo hadithi yangu yote, na watu hawaipendi. Wamezoea ushuhuda: nilikuwa mlevi, nikaangukia mtaroni, nikasikia sauti. Ushuhuda wa kurudi nyuma nao wanataka uwe na mtaro. Nani alikukosea? Mchungaji alikudhulumu kiwanja? Mchumba alikuacha akaolewa na mwanakwaya? Nikisema hakuna, kwamba wachungaji wangu walikuwa watu wema na kwaya naipenda hadi leo, wanaona ninaficha. Nikiwaeleza habari ya bei ya kahawa, wanaangalia saa.

Kwa hiyo wananitafutia sababu wenyewe. Mjomba anasema ni vitabu. Angejua mapema angechangia kiwanja, asichangie ada. Shemeji anasema ni mwanamke, ila hajapata jina. Binamu yangu wa Arusha anasema nimefungwa kiroho, na anamjua mtu wa kufungua kwa bei ya familia. Na kijana wa bodaboda pale kituoni, baada ya kusikia minong'ono, alinisogelea siku moja akashusha sauti.

"Mangi, nisikilize. Niunganishe na mimi."

"Nikuunganishe na nini?"

"Si huko kwenu. Freemason."

Hapo ndipo nilipoelewa ninavyotazamwa mtaani. Tanzania hii mtu asiyekwenda kanisani wala msikitini lazima awe na mlango mwingine wa kuingizia pesa. Nguzo za umeme zina vibandiko: jiunge upate utajiri, piga namba hii. Matapeli wamewala watu wazima na akili zao. Nikamweleza yule kijana kwamba Freemason si siri kiasi hicho. Marehemu Sir Andy Chande aliwaongoza Afrika Mashariki miaka mingi na hakujificha, hata kwenye kitabu cha maisha yake alilisema. Tena sharti lao la kwanza ni kwamba uamini yupo Mungu Mkuu. Asiyeamini hapokelewi.

Alinyamaza, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Viatu vilimshawishi.

"Yaani hata Freemason wamekukataa?"

Hata Freemason.

Aliyehangaika nami kuliko wote ni shangazi. Mwaka 2011, mnakumbuka, nchi nzima iligeuza shingo kuelekea Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila. Babu alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja, mara moja, shilingi 500, na magonjwa sugu yanakoma: kisukari, pumu, saratani, ukimwi. Walikwenda wakulima, walikwenda mawaziri. Shangazi akakodi Noah na wagonjwa wenzake, akapitia Moshi mjini kunichukua.

"Mimi siumwi, shangazi."

"Unaumwa. Tena ni sugu. Miaka mingapi sasa?"

Ubishi wa kitaalamu sikuuweza. Tukapita Mto wa Mbu, tukala vumbi chini ya Ol Doinyo Lengai, tukafika kwenye foleni ya magari isiyoonekana mwisho. Wengi tuliokuwa nao walikuwa wanaumwa kweli, na hao sikuwacheka. Nauli ya kufika pale ingenunua vikombe vya kijiji kizima. Zamu yetu ilipofika nikanywa, kwa sababu mtu aliyekulea akikutazama machoni na kikombe mkononi, mambo ya falsafa unayaweka kando. Kilikuwa kichungu. Njia nzima ya kurudi shangazi alikuwa anageuka kutoka kiti cha mbele.

"Unajisikiaje?"

"Nina njaa."

"Na imani?"

"Njaa tu, shangazi."

Shangazi alihitimisha kwamba dawa imegoma kwa sababu nilikunywa bila imani. Kwa hiyo ili upone kutoamini lazima uamini kwanza. Sijui daktari gani mwingine anaruhusiwa sharti hilo. Ila wapo waliorudi kutoka Samunge wakaacha dawa zao za hospitali, na baadhi yao hawakuishi kusimulia. Kwa hao nashindwa kuleta utani.

Turudi kwenye kero ndogo, maana ndizo zinazoniua taratibu. Ya kwanza ni mafundi. Fundi bomba anachukua hela ya kutangulia, anafungua sinki, anatandaza vyuma sakafuni, halafu anasema, "Mungu akipenda kesho nakuja kumalizia." Kesho haji. Kesho kutwa haji. Ukimpigia, anakuambia ndivyo Mungu alivyopanga. Ningekuwa muumini ningechukia kuliko ninavyochukia sasa, kwa jinsi Mungu anavyobebeshwa uzembe wa mafundi wote wa mji huu. Na mimi nikimwambia mtu, "Kesho saa nne nipo kwako," bila kuweka Mungu akipenda, ananikemea kwamba nina kiburi. Kesho yake saa nne nipo kwake. Yeye hayupo.

Ya pili ni basi. Panda basi la Moshi alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kabla hamjafika Kibaha anasimama kijana mwenye shati la mikono mirefu, anawasalimu kwa jina la Bwana, anaomba tuinamishe vichwa tuikabidhi safari. Anamkabidhi dereva, anayakabidhi matairi, anaikemea roho ya ajali kuanzia Chalinze, Segera, hadi Same. Sala ikiisha anafungua begi: ana dawa ya minyoo, dawa ya meno na mafuta ya mgongo. Anashukia Chalinze. Safari ambayo ametukabidhi wenzake yeye haendi nayo. Dereva, aliyekwisha kukabidhiwa, anaongeza mwendo.

Na hapo kwenye kuinamisha vichwa ndipo penye shida ambayo wasomaji waumini hawaijui. Asiyeamini macho yake ayaweke wapi? Ukifumba, unaigiza. Ukiyaacha wazi, unakuwa mtu pekee anayetazama utosi wa wenzake. Nimezoea kuyaacha wazi, na nimegundua kwamba kila sala huwa na jozi nyingine iliyo wazi mahali fulani. Mnakutana macho, mnashtuka, kila mmoja anageukia dirishani. Ofisini kwetu tuko wawili. Mwenzangu amelelewa Tanga, amesoma madrasa tangu ana miaka mitano na kuhitimu kwa heshima. Kikao kikifunguliwa kwa dua halafu kwa sala, kama desturi yetu ilivyo, yeye anahesabu vigae vya dari na mimi ninahesabu vya sakafu. Hatujawahi kuzungumzia jambo hili. Mwezi wa Ramadhani ananiachia funguo za chumba cha stoo, nami simuulizi anataka nimfunikie nini. Yeye akijulikana atapoteza zaidi yangu. Kwangu watakuja na kikombe. Kwao, mama yake hatakunywa maji ya mkononi mwake.

Jirani zetu wa Kenya angalau wanajihesabu. Kwenye sensa yao ya 2019 watu 755,750 walisema hawana dini. Kuna chama kabisa, kilisajiliwa mwaka 2016, na kabla mwaka haujafika nusu usajili ukasitishwa kwa hoja kwamba kitahatarisha amani, wakaishia kupelekana mahakamani. Niliposoma nilishangaa. Watu ambao hawawezi kukubaliana hata juu ya Mungu watapatana wapi kuvuruga amani?

Lakini hayo ya chama ni anasa. Swali zito kuliko yote niliulizwa na mama, Krismasi moja, tukimenya ndizi za mtori.

"Sawa, mwanangu. Mungu humtaki. Utazikwa na nani?"

"Na ninyi, mama."

"Sisi tutakuwa tumetangulia."

"Na watoto wangu."

"Watoto watatoa wapi turubai?"

Nimesoma hoja nyingi za wanafalsafa wa Ulaya juu ya kuwepo na kutokuwepo kwa Mungu. Hakuna hata mmoja aliyejiandaa kwa turubai. Nilinyamaza, nikaendelea kumenya.

Baba alipofariki nikamwelewa mama. Kabla jioni haijaingia, kina mama wa kanisa walishafika na masufuria yao. Vijana wakachimba kaburi kihambani, viti vikashushwa kutoka kwenye pikapu, kwaya ikaimba kwenye mvua mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyeniuliza ninaamini nini. Waliniuliza mchele ni kilo ngapi na wageni wa Dar watalala wapi. Sisi tusioamini hatuna sufuria kubwa, hatuna kwaya, hatuna daftari la zamu za kulala msibani. Tuna hoja nzuri, lakini hoja haikalishi watu mia tatu.

Ndipo nikaelewa kwa nini mtaani huulizwi unaamini nini. Imani haina anayeipima. Kinachopimwa ni mahudhurio: ulikuwepo, ulichanga, ulibeba benchi? Wapo waumini wa kuhudhuria tu ambao wakibanwa na katekisimo yangu watatoka jasho, na wanazikwa kwa kengele na mapambio.

Tulipofungua sanduku la baba tukakuta daftari lake na rundo la stakabadhi. Mama akazitazama, akanipitishia bila neno. Zilikuwa za bahasha za sadaka na ahadi ya jengo, mwaka baada ya mwaka, kwa jina langu. Mzee alikuwa ananilipia. Kila alipouza kahawa yake kwa bei ileile ya kusikitisha, alitoa ya kwake, akatoa na ya mtoto wake wa Dar ambaye hata mlango wa kanisa ameusahau. Kwenye vitabu vya usharika mimi ni Mkristo hai, sina deni hata la senti.

Nililia, sikatai. Mama akaniacha nimalize, akanipa kalamu.

"Kuanzia sasa ulipe mwenyewe."

Kwa hiyo leo hii mimi ni mtu asiyeamini anayetoa sadaka kwa M-Pesa. Mhasibu wa kanisa hunijibu kwa ujumbe kwamba Mungu akubariki na kukuzidishia, nami humjibu asante. Wanaotoa kwa imani wanangoja mbinguni. Yangu ni ya turubai tu, na bei ni ileile. Hakuna punguzo la wasioamini. Nimeuliza.

Mwezi uliopita ukoo ulikutana kuandaa ubarikio wa mtoto wa dada yangu. Kamati ikatafuta mweka hazina. Mjomba, aliyesema vitabu vimeniharibu, akasimama akapendekeza jina langu. Akasema hela za ubarikio uliopita zilipotea mikononi mwa ndugu aliyeokoka, safari hii apewe mtu ambaye hana nabii wa kumpelekea. Mkutano mzima ukacheka, ukapitisha. Shangazi peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, akakumbusha kwamba hata Yuda alikuwa mweka hazina. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, tukaendelea na ajenda ya ndafu.

Nimeikubali kazi. Daftari ninalo, namba ya kutuma michango mnayo kwenye kundi la familia, na kila anayetoa atapata stakabadhi siku hiyohiyo, awe amesema Mungu akipenda au hakusema. Ndugu wa Arusha na Nairobi bado hamjaanza, nawaona. Mtoto amekariri katekisimo yote vizuri, na nimemwambia yale yasiyomo kitabuni aniulize mimi, tena baada ya sherehe. Mwisho wa michango ni tarehe 30 Novemba. Sala ya kufungua kikao kijacho apewe mtu mwingine.